Mkwe Aliyewakana Korongo

Mwalimu Angwenyi wa Gesima alikuwa mtu wa kuhesabu hata pale ambapo hakuna aliyemtuma. Akienda kanisani alijua ni waumini wangapi wamesinzia kabla mhubiri hajafika katikati ya neno. Akialikwa chakula alijua kama mwenyeji amechinja kuku mmoja au amemwongezea wa jirani. Wanafunzi walimwita Mwalimu Jumlisha wakidhani hajui, na yeye alijua mpaka idadi ya wanaomwita hivyo. Mkewe, Nyanchama, alikuwa akimwambia kwamba siku atakayokufa atawahesabu waombolezaji kutoka ndani ya sanduku. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia mbele ya kadamnasi kwamba hajui kuhesabu, umemuua ukamwacha anatembea. Na aliyemfanyia hivyo hakuwa adui yake.

Aliitwa Mogire. Walitahiriwa asubuhi moja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja, wakala kwenye chungu kimoja hadi walipotolewa nje wakiwa wanaume. Kwetu Kisii, watu waliotoka kibanda kimoja hawaulizani undugu. Baadaye walisoma pamoja shule ya Nyanchwa. Angwenyi akawa mwalimu, Mogire akawa karani wa soko, kisha naibu wa chifu. Angwenyi alikuwa mfupi, mkavu, wa maneno machache. Mogire alikuwa na kifua na sauti, na akicheka hata ng'ombe waligeuza shingo kumtazama. Watu walishangaa wawili hao wanaongea nini, lakini waliongea, miaka nenda miaka rudi.

Kati ya maboma yao palikuwa na mgongo wa kilima. Upande wa Angwenyi kulikuwa na kinamasi cha juu, upande wa Mogire kinamasi cha chini, vyote vimejaa matete na mafunjo. Humo ndimo walimotaga korongo, wale ndege warefu wenye taji la nywele za dhahabu kichwani na shavu jeupe. Wimbi likishavunwa, walitoka kwenye matete wakajaa mashambani kuokota punje zilizoanguka, na wakati mwingine walicheza, wakirukaruka na kufungua mabawa, mpaka wanawake waliokuwa wakipepeta wakaacha ungo wakatazama.

Mwaka wa 1964, Uhuru ukiwa bado mbichi, alikuja Miss Marion. Alikuwa mzungu aliyefundisha wasichana karibu na mji wa Kisii, mwanamke mrefu wa kuvaa viatu vya kiume, na alikuwa na ugonjwa wa kupenda ndege. Aliwakusanya walimu akawauliza korongo wa milima hii ni wangapi. Wote walijibu kwa sauti moja: wengi.

"Wengi ni wangapi?" akauliza.

Wenzake walicheka. Angwenyi hakucheka. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu mwingine akiuliza swali hilo, na lilimwingia moyoni likakaa.

Miss Marion alieleza kwamba kuhesabu mara moja hakumsaidii. "Mtoto ukimpima kilo mara moja kliniki, unajua uzito wake basi. Ukimpima kila mwezi, unajua kama anakua au anakonda. Na ukijua mapema kwamba anakonda, unaweza kumwokoa." Ndege nao ni vivyo hivyo, alisema. Huko Nairobi kulikuwa na kamati ya wapenda ndege iliyoweka kila aina ya ndege katika ngazi yake: walio salama, wa kuangaliwa, na walio katika hatari ya kutoweka kabisa. Kila baada ya miaka kumi kamati ingewapima upya wale wale, ione nani amepanda na nani ameshuka. Lakini ilikuwa na sharti moja gumu. Ndege hashushwi ngazi kwa sababu mhesabuji amebadilisha jicho, mahali au namna ya kuhesabu. Lazima iwe ndege wenyewe ndio waliopungua kweli.

Hapo ndipo penye taabu. Korongo huinuka kinamasi cha chini na kutua cha juu kabla hujamaliza kupenga kamasi. Ukihesabu huku, ukapanda kilima, ukahesabu kule, utawaandika wale wale mara mbili. Angwenyi alilifikiria jambo hilo wiki nzima, akiunguza ugali na kupokea maneno kwa Nyanchama, halafu akapata dawa. Kanisani palining'inizwa kipande cha chuma cha reli kilichotumika kama kengele, na mlio wake ulisikika pande zote mbili za kilima. Nyanchama angekigonga. Kwa mlio wa kwanza, Angwenyi akiwa juu na Mogire akiwa chini wangeanza kuhesabu kwa pamoja. Nyanchama angeimba beti mbili za wimbo wa kanisa, kisha angegonga tena, nao wangeacha. Aliyekuwa hewani hakuhesabiwa na mtu. Ndege mmoja hawezi kusimama penye vinamasi viwili katika beti mbili.

Walifanya hivyo Jumapili asubuhi baada ya mavuno ya wimbi, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na Sabato haichezewi. Wakatoliki wa ng'ambo waliosikia chuma siku ya ibada yao walidhani Waadventista wameamua kuwachokoza. Mwaka ule wa kwanza wawili hao walikutana juu ya kilima wakihema, wakajumlisha, wakapata korongo zaidi ya mia mbili. Mogire alimnyanyua Angwenyi juu juu kama gunia la majani chai, akamzungusha. "Omosani," akamwambia, yaani rafiki yangu, "sasa tunajua kitu ambacho hata chifu hakijui!"

Na kila mwaka walirudia. Siku ile ile ya mavuno, chuma kile kile, beti zile zile mbili.

Hesabu ikaanza kushuka. Mwanzoni ilishuka kidogo kidogo, na Mogire akasema labda ndege wameenda harusini. Kisha walikuja wapima ardhi, vigingi vikapigwa, kila mtu akajua mwisho wa shamba lake, na penye maji pakaonekana ni shamba lililolala bure. Watu walipanda mikaratusi kandokando ya matete, mti ambao hunywa maji kuliko ng'ombe wa kiangazi. Vinamasi vya mbali vilikauka kimoja baada ya kingine. Katika sehemu nyingine ambako Miss Marion alikuwa ameweka walimu wa kuhesabu, mmoja alihamishwa, mwingine akafa, na wa tatu akasema hatahesabu ndege ilhali hajui ng'ombe wake walilala wapi. Miss Marion aliporudi kwao mwaka wa 1970, aliwaambia Angwenyi na Mogire kwamba katika milima yote hii ni Gesima peke yake ambako hesabu haijakatika hata mwaka mmoja.

"Mkiacha nyinyi," alisema, "hakuna atakayejua walikuwa wangapi."

Mwaka wa 1973 hawakufika sabini. Angwenyi alirudi nyumbani akakaa jikoni, na Nyanchama hakumtania. Alikuwa na uchungu, lakini uchungu wenye tumaini, kwa sababu mwaka uliofuata ndio kamati ingepima upya. Ikithibitika kwamba korongo wa Gesima wamepungua kweli, wangeshushwa ngazi hadi kwenye hatari, na kamati ingeiomba halmashauri iviache vinamasi viwili vile bila kulimwa. Miaka kumi ya kusimama kwenye umande ilikuwa kwa ajili ya siku hiyo.

Mwezi wa pili wa 1974 habari ziliwafikia wote wawili: kamati ingemtuma mtu baada ya mavuno ya wimbi. Mwezi wa tatu Mogire alikuja kwa Angwenyi amevaa koti. Hakuketi kwenye kigoda chake cha siku zote karibu na mafiga. Aliketi mlangoni, kama mgeni aliyekuja na maneno.

"Nimekuja kuomba uhusiano katika nyumba hii," alisema.

Alikuwa anamwombea mwanawe Obwocha mke, na mke huyo ni Kemuma, binti wa Angwenyi. Kusema kweli hakuna aliyeanguka kwa mshangao. Obwocha na Kemuma walikuwa wameimba kwaya moja kwenye makambi ya kanisa misimu mitatu, na kila mwenye macho aliona Obwocha akikosa noti kila Kemuma alipogeuka. Nyanchama alipiga kigelegele kabla hajaulizwa. Mzee Ondieki akawekwa kuwa esigani, yaani mshenga wa kupeleka na kurudisha maneno baina ya nyumba mbili. Ng'ombe walikuja mwezi wa nne, wanene, bila ubishi, na Angwenyi alipowaona wakiingia kwenye zizi lake alilia machozi. Rafiki yake wa kibandani sasa amekuwa mkwe. Alidhani dunia haina la kumpa zaidi ya hapo.

Lakini ukwe kwetu una sheria zake, na si za mzaha. Mkwe hataniwi. Mkwe haonyeshwi kifua wazi. Wanaume waliooga mto mmoja wakiwa uchi sasa waliamkiana kwa kuinamisha kichwa, wakiwa mbalimbali. Nyanchama akikutana na Obwocha njiani ilimbidi aache njia, aingie kwenye majani mpaka kijana apite. Na juu ya yote, mkwe hapingwi mbele za watu. Ukimwita mkwe mwongo hadharani umemvunjia binti yako nyumba, kwa kuwa yeye ndiye atakayelala chini ya paa la huyo uliyemtukana. Neno likiwepo, lipitie kwa esigani. Angwenyi aliyapokea hayo yote kwa kicheko. "Mtu ninayemjua mpaka kovu la pajani mwake," alimwambia Nyanchama, "sasa namwogopa kama mhubiri."

Walihesabu mwaka huo kama kawaida. Nyanchama aligonga, akaimba, akagonga. Walipokutana kilimani walisimama mbalimbali, kama iwapasavyo wakwe, wakajumlisha. Ilikuwa hamsini na kitu.

Mtu wa kamati alikuwa Bwana Osman, mwana wa mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, kijana mpole aliyesoma akahamia Nairobi. Chifu aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Watu walijaa, maana walikuwa wamesikia kwamba mashamba ya majini yatatolewa uamuzi. Bwana Osman alisimama akaeleza kwa Kiswahili safi cha mjini kwamba hesabu ya Gesima ni ya thamani kuliko zote, kwamba kushuka kwake kunatisha, na kwamba akirudi Nairobi ataulizwa swali moja tu.

"Wataniuliza kama zile hesabu za mwanzo zilikuwa sahihi," alisema. "Kama ni sahihi, basi ndege hawa wanatoweka, na tutaomba vinamasi vilindwe. Kama si sahihi, hatuna la kusema."

Angwenyi alikuwa ameanza kujiinua. Alikuwa amejiandaa miaka kumi kwa swali hilo, chuma, beti, kila kitu. Lakini naibu wa chifu huongea kabla ya mwalimu, na Mogire alikuwa tayari amesimama, kofia mkononi.

"Bwana Osman, mimi ni mtu wa kanisa, sitakudanganya," alisema. "Hizo hesabu za kwanza zilikuwa za vijana. Tulikuwa tunataka tu kumfurahisha yule mama mzungu. Mwalimu hapa anahesabu juu, mimi nahesabu chini, halafu ndege wananiruka mimi wanaenda kwake, na yeye anawahesabu tena. Tuliwaandika mara mbili. Siku hizi tumekomaa, tunahesabu vizuri. Ndege hawajapungua, bwana. Kilichopungua ni makosa yetu."

Baraza likaangua kicheko. Mogire naye alicheka ile sauti yake kubwa, kisha akaketi.

Angwenyi alihisi masikio yanawaka. Kwanza alidhani rafiki yake amesahau. Mtu anaweza kusahau. Halafu akakumbuka kwamba hata mwezi mmoja haujapita tangu Mogire asimame kinamasini akisubiri mlio wa chuma, na akajua kwamba hakuna kilichosahauliwa. Alikuwa amekikana kitu walichokifanya kwa mikono yao wenyewe, na amekikana kwa kutumia kosa lile lile walilokesha kulizuia. Angwenyi hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kumsaliti mwenzake hivi na bado akaketi ameweka kofia gotini.

"Mwalimu," Bwana Osman alimgeukia kwa heshima, "ni hivyo?"

Upande wa wanawake Kemuma alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake, kitambaa kipya cha bibi harusi kichwani, amemshikia kikapu. Obwocha alikuwa mbele, kwa hiyo Nyanchama alikuwa amejificha nyuma ya ua wa shule, kama inavyompasa mama mkwe, na Angwenyi aliona mkono wake tu juu ya majani, mkono ule uliogonga chuma miaka yote, umekunjwa ngumi. Hata yeye hakuweza kutoka aseme. Neno moja la Angwenyi lingetosha. Neno hilo lilikuwa: mkwe wangu ni mwongo.

Aliinamisha kichwa.

Mtu wa Gesima angeweza kuisoma ile shingo iliyoinama. Bwana Osman alikulia kwenye duka la mjini, na dukani anayekaa kimya amekubali bei. Alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akamshukuru Mwalimu na kuketi.

Angwenyi alirudi nyumbani akapasua kuni. Alipasua za siku hiyo, za kesho, za wiki, mpaka malengelenge ya kiganja yakapasuka pia, na Nyanchama akaja akamnyang'anya shoka. "Mbwa yule!" alisema Nyanchama, mwanamke wa kanisa ambaye hakuwahi kumwita hata mbwa mwenyewe jina hilo kwa hasira. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Angwenyi alikuwa amelifundisha neno hilo darasani mara nyingi, na alikuwa akilifundisha kama kitu kinachowapata watu wengine.

Kesho yake alimtuma esigani. Mzee Ondieki alikwenda ng'ambo akarudi jioni, akaomba maji, akayanywa polepole kupita kiasi.

"Amesema ana wana sita," Ondieki alianza. "Amesema shamba lake linawatosha wawili. Anauliza, hao wanne watakula manyoya ya korongo?"

Angwenyi aliitikia kwa kichwa. Hilo alilitarajia, na kwa haki ya Mungu halikuwa neno la kipumbavu. Kama Mogire angelisema hilo barazani, mbele ya Bwana Osman, wangebishana kama wanaume, na huenda angeshinda.

"Na lingine?" aliuliza, kwa kuwa uso wa Ondieki ulikuwa bado una kitu.

"Amesema usijifanye hukujua. Eti mlimaliza hayo siku ya ng'ombe."

"Tulimaliza nini?"

Ondieki alitazama sakafu. "Mimi nilikuwa katikati yenu siku ile, sikusikia neno la kinamasi. Lakini hilo ndilo analowaambia watu. Nimelisikia hata madukani Masimba. Wanasema Mwalimu alipewa ng'ombe wanono ili ahesabu vizuri."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kimya chake, alichokitoa kwa heshima ya mtoto wake, kilikuwa kimeshageuzwa kuwa mali iliyonunuliwa. Na ng'ombe walikuwepo zizini, wanaonekana kutoka barabarani, kila mmoja shahidi. Kuwarudisha ni kumrudisha Kemuma, na Kemuma alikuwa na mimba. Angwenyi aliyapanga mambo yote kichwani kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza aliona mfuatano wake. Habari za kamati zilikuja mwezi wa pili. Posa ilikuja mwezi wa tatu. Vijana walikuwa wameimba pamoja misimu mitatu, na Mogire hakuwahi kuvaa koti mpaka mwezi ule. Hakumwambia Nyanchama. Alitamani asingekuwa mtu wa kuweka vitu sambamba.

Kabla ya Krismasi uamuzi ulifika. Korongo wa milima yetu waliwekwa ngazi ya walio salama. Hesabu za kuanzia mwaka wa 1964 ziliwekwa kando kwa kuwa wahesabuji wenyewe walizitilia shaka, na hesabu mpya ingeanzia mwaka huo, kwenye hamsini na kitu. Bwana Osman, kwa upole wake, aliwapongeza Mwalimu Angwenyi na naibu wa chifu kwa ukweli wao.

Angwenyi alilielewa jambo hilo kuliko mtu yeyote Gesima, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake. Miaka kumi ijayo mtu angekuja akute arobaini, aseme wamepungua kidogo tu. Mwingine angekuta thelathini, naye aseme kidogo tu. Wale mia na hamsini waliokwisha potea hawakuwa wamepotea tena. Ilikuwa imeamuliwa kwamba hawakuwahi kuwepo, na sahihi yake yeye, kwa kimya, ilikuwa pale chini.

Januari, jua lilipokaza, Mogire aliitisha risaga. Risaga ni kazi ya ujima: mtu hualika majirani na jamaa, wanamlimia siku moja, naye anawalisha. Kazi yenyewe ilikuwa kuchimba mtaro wa kukausha kinamasi cha chini, na kiangazi kijacho ungefuata wa juu. Obwocha mwenyewe alikuja kumwalika baba mkwe wake. Alisimama mbali, kichwa kimeinama, kwa adabu isiyo na doa, na huenda hakuwa na hatia yoyote. Mkwe aliyealikwa risaga haulizi ni ya nini. Angwenyi alichukua jembe lake akaenda.

Walichimba tangu asubuhi. Tope lilikuwa jeusi, zito, na liliponyanyuliwa maji yalijaza shimo kisha yakaanza kutembea kuelekea mtoni, polepole, halafu kwa haraka. Waadventista hawanyweshi watu pombe, kwa hiyo wanawake walizunguka na uji wa wimbi. Mogire mwenyewe alimletea Angwenyi kibuyu chake, akakishika kwa mikono miwili kama inavyostahili.

"Kunywa, omoko," alisema. Ndiyo mkwe kwa Kigusii.

Angwenyi alimtazama usoni, jambo ambalo mkwe hafanyi. Mogire alitazama kibuyu. Angwenyi akanywa, kwa sababu watu walikuwa wakiangalia, na kwa sababu Kemuma ndiye aliyeupika uji ule.

Upande wa pili, kwenye mabua ya wimbi, walikuwa wamesimama korongo wawili. Hawakucheza. Walinyoosha shingo kuelekea kwenye majembe, wakatembea hatua chache, wakasimama tena. Angwenyi aliacha kuchimba. Midomo yake ilikuwa imeanza kwenda yenyewe, kama ilivyokuwa ikienda siku zote, na mtu mmoja kwenye mtaro aliiona.

"Mwalimu!" alipaza sauti. "Angalia usiwahesabu mara mbili!"

Mtaro wote ulicheka. Mogire alicheka pia, kisha akakumbuka ukwe akaziba mdomo. Ndege wale waliinuka, wakalia ile sauti yao ya tarumbeta iliyopasuka, wakaelekea upande wa juu. Angwenyi alishika jembe akaendelea kuchimba, kwa kuwa kuondoka kabla ya risaga kwisha ni kumtukana mwenye shamba.

Kemuma alikuja kuwatembelea wazazi wake baada ya siku kadhaa, tumbo limeshaonekana. Alikaa na mama yake jikoni kwanza. Halafu akamfuata baba yake zizini, alikokuwa akiwapa ng'ombe majani, akasimama akiuchezea ukingo wa kanga.

"Tata," alisema, maana ndivyo tunavyomwita baba, "nikuulize jambo, usinikasirikie?"

"Uliza."

"Kule kwetu wanasema mlikubaliana. Wanasema ungenyamaza ndipo nichukuliwe." Sauti yake ilikuwa imara, kama ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi peke yake njiani. "Obwocha anasema hajui. Namwamini. Sasa nakuuliza wewe. Hawa ng'ombe walikuja kwa ajili yangu, au walikuja kwa ajili ya kinamasi?"

Angwenyi aliendelea kuweka majani. Kama binti yake angemuuliza aliahidi nini, angejibu bila kusita, kwa kuwa hakuahidi kitu. Lakini Kemuma hakuuliza hivyo. Aliuliza ng'ombe walikuja kwa nini, na jibu la hilo alikuwa nalo tangu siku ile ya Ondieki: mwezi wa pili habari, mwezi wa tatu posa. Alitazama lile tumbo. Alimtazama binti yake, ambaye angerudi ng'ambo jioni ile, apike, alale, azeeke katika boma lile.

"Walikuja kwa ajili yako, mama," alisema.

Kemuma aliuachia ukingo wa kanga. Aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja.

"Ahsante, Tata," alisema. "Lakini wewe hujui kudanganya."

Hakulia. Aliingia jikoni akachukua mboga alizofungiwa na mama yake, akaaga. Angwenyi alimsindikiza mpaka juu ya mgongo wa kilima, akambebea kile kifurushi, na hapo akampa, kwa kuwa baba mkwe hapiti hapo bila kualikwa.